Damu Katika Vanishi

Mwaka 2003 nilikuwa Unguja kwa shughuli za kikazi, na jioni moja mwenyeji wangu akanichukua kwenda kusikiliza mazoezi ya kikundi cha taarabu. Wakati wa mapumziko nilimsogelea mpiga fidla mmoja, mzee aliyenizidi kwa miaka kumi au zaidi, nikampa shikamoo yake, nikamwomba niitazame ala yake kwa karibu. Hakusita. Aliiinamisha chini ya taa akaniambia, "Chungulia humo tunduni, Maalim." Nikachungulia. Ndani, kwenye ubao wa mgongo, palikuwa na kikaratasi kilichogeuka rangi ya chai, na juu yake maandishi ya Kilatini: Antonius Stradivarius Cremonensis. Nilishtuka. Nikamwambia, "Mzee wangu, unatembea na mali ya mamilioni kwapani!" Akacheka hata akauweka upinde chini. "Humu chumbani wamo Stradivari wanne, Maalim. Huyo wa yule kijana ametoka China."

Baadaye nilikuja kusoma kwamba tangu karne ya 19 viwanda vya Saxony huko Ujerumani, vya Mirecourt huko Ufaransa, na kisha vya kwingineko, vimekuwa vikibandika jina hilo ndani ya fidla zisizo na idadi. Si kila mara kwa nia ya kudanganya. Wengine walitaka tu kuonyesha kuwa umbo lililoigwa ni la Antonio Stradivari wa Cremona, aliyefariki mwaka 1737. Lakini kikaratasi hakijui nia ya aliyekibandika.

Nimeanza na kikaratasi hicho kwa sababu ninalotaka kulijadili hapa ni sinema ambayo, kwa maoni yangu, imebandika kikaratasi cha uongo ndani ya kazi nzima ya kutengeneza fidla kwa mkono. Inaitwa The Red Violin, yaani fidla nyekundu. Iliongozwa na François Girard wa Kanada na ikatoka mwaka 1998. Muziki wake, uliotungwa na John Corigliano, ulipata tuzo ya Oscar, na fidla inayosikika inapigwa na Joshua Bell. Mimi nilichelewa sana kuiona. Mjukuu wangu wa kike aliniwekea wakati wa likizo moja, akijua kuwa babu yake hupenda mambo ya randa na patasi, akakaa pembeni akisubiri sifa. Nilipoanza kunung'unika akaniambia, "Babu, ni hadithi tu." Makala haya ni jibu langu kwake, maana siku ile sikulipata.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Mjini Cremona, kaskazini mwa Italia, mwaka 1681, fundi wa kubuniwa aitwaye Nicolò Bussotti anatengeneza fidla iliyo bora kuliko zote alizowahi kutengeneza, akiikusudia mtoto wake ambaye hajazaliwa. Mkewe anafariki katika uzazi, na mtoto naye anakufa. Fidla inatoka mkononi mwake, inafika Vienna, inafika Oxford, inafika Shanghai wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na mwisho inapanda jukwaa la mnada huko Montreal. Hapo mtaalamu mmoja anapeleka vanishi yake maabara, na majibu yanarudi: damu ya binadamu. Fundi aliichanganya damu ya mkewe katika vanishi. Ndiyo siri ya wekundu, na mtazamaji anaachwa ajisadikishe mwenyewe kuwa ndiyo siri ya sauti pia.

Sitakuwa mchoyo wa sifa pale zinapostahili. Sehemu ya Shanghai ni nzuri mno. Yumo mwalimu wa muziki anayeficha darini ala ambazo wakubwa wa siku hizo wameziona ni takataka za kibepari, na jinsi anavyolindwa na hofu na ukaidi kwa pamoja ni jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kushika funguo za stoo ya shule katika miaka migumu atalielewa bila kufafanuliwa. Aidha, wazo la kufuata kitu kimoja kikipita mikononi mwa watu mbalimbali, kila mmoja akidhani ni chake, ni wazo zuri na limetumiwa kwa akili.

Lakini ninalo lalamiko, nalo ni kubwa. Mwanzoni kabisa mwa sinema, Bussotti anapita karakanani akikagua kazi za wanagenzi wake. Anaichukua fidla ya mmoja wao, anaitazama, haimridhishi, anaivunja vipandevipande, na kumwambia kijana auingize uchungu wake katika kazi. Anavunja, anaondoka. Hamwonyeshi kijana palipopinda. Hamwambii kama kosa ni la mti, la patasi au la gundi. Kisha dakika chache baadaye tunaambiwa kuwa ubora wa fidla yake yeye fundi umetokana na damu na msiba. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Mtu akiamini kuwa ubora ni wa siri na wa majonzi, hana sababu ya kumwelekeza mwanagenzi. Atamvunjia tu.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Fidla moja ina vipande vipatavyo sabini, na fundi akiwa na mkono mzuri hutumia saa 200 hivi kuikamilisha. Fundi wa Cremona huanza na kalibu ya mbao yenye umbo la fidla. Katika kalibu hiyo hushikiza vigogo sita vidogo, kimoja juu, kimoja chini, na vinne kwenye pembe. Kisha huja mbavu. Hata kwao huitwa mbavu. Ni vibao vya mti wa mepo vyenye unene wa milimita 1 tu, vinavyoloweshwa na kupindwa juu ya chuma cha moto. Moto ukizidi kibao kinaungua, ukipungua kinavunjika, na hakuna saa ya ukutani itakayokuambia wakati. Mkono ndio unaohisi mti unapolegea. Mbavu zikishakauka na kushika, kalibu hutolewa.

Uso wa fidla ni wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari unaokua polepole katika baridi ya milima ya Alps. Msitu wa Paneveggio huko Val di Fiemme ni maarufu kwa miti hiyo hadi leo. Mgongo ni wa mepo, ambao kwa muda mrefu umekuwa ukitoka nchi za Balkani. Kigogo hupasuliwa kama kipande cha keki, kikagawanywa mara mbili na kufunguliwa kama kitabu, kisha nusu hizo mbili huunganishwa ili nyuzi za mti zilingane kushoto na kulia. Watu wengi huliona tumbo la fidla limebenuka, wakadhani ubao umepindwa. La hasha. Umechongwa. Fundi huchukua kipande kinene na kukichimba nje na ndani mpaka uso ubaki na milimita 3 hivi, na mgongo upate milimita 4 na ushei katikati na kupungua kuelekea kingoni. Mti unaoanguka sakafuni ni mwingi kuliko unaobaki kwenye fidla.

Wakati wa kuchonga, fundi huushika ubao kwa ncha za vidole na kuugonga, akisikiliza. Mama zetu hufanya vivyo hivyo kwa fenesi sokoni. Muulize mama anasikia nini, atakuambia "limeiva." Ukimuuliza amejuaje, atacheka. Lakini mfuate sokoni misimu mitatu, ukigonga anapogonga yeye, nawe utajua. Hiyo si siri. Ni jambo linalofundishika lakini haliandikiki, na sisi walimu tumekuwa na tabia mbaya ya kuyachanganya mambo hayo mawili.

Kandokando ya uso na mgongo utaona mistari miwili myeusi myembamba. Fidla za bei ya chini huchorwa mistari hiyo kwa rangi. Katika fidla ya haki ni vipande vitatu vya mti, cheusi, cheupe na cheusi, vilivyolazwa ndani ya mfereji uliochimbwa kwa kisu. Vinapendeza, ndiyo, lakini vipo ili ufa ukianzia ukingoni usikimbilie katikati. Ndani, chini ya nyuzi nene, hugundishwa boriti. Na chini ya kidaraja, upande wa nyuzi nyembamba, husimamishwa kijiti cha sprusi kati ya uso na mgongo. Kijiti hicho hakigundishwi. Hushikiliwa na mkazo tu. Waitaliano hukiita anima na Wafaransa âme, na maneno yote mawili maana yake ni roho. Kisogeze chini ya milimita moja, fidla itabadili sauti. Mzee wangu wa Unguja alinionyesha waya alioupinda mwenyewe kwa koleo, wa kukisogezea kupitia tundu. Alikuwa akiitengeneza roho ya fidla yake kila unyevu wa masika ulipoiharibu.

Ninachokipenda kupita vyote ni gundi. Ni gundi ya ngozi ya wanyama, inayoyeyushwa kwa maji moto. Imara, lakini si imara kupita kiasi, na hulegea ikipata joto na unyevu. Seremala wa kawaida angeona huo ni upungufu. Kumbe ni makusudi. Uso wa fidla hugundishwa kwa namna ambayo ubao ukivutana kwa hali ya hewa, gundi iachie kabla mti haujapasuka, na fundi atakayezaliwa miaka 100 baadaye aweze kuufungua, atengeneze ndani, na kuufunga tena. Mtu anayetumia gundi ya namna hiyo anamfikiria mwenzake ambaye hatamwona. Sinema ya saa mbili na zaidi kuhusu fidla inayoishi miaka 300 haikuona nafasi ya gundi.

Na vanishi, je? Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Jean-Philippe Échard huko Paris walitangaza matokeo ya kuchunguza vanishi ya ala tano za Stradivari. Walikuta mafuta ya aina wanayotumia wachoraji, utomvu wa misonobari, na katika baadhi yake rangi nyekundu zilizokuwa zikipatikana kwa wachoraji wa wakati ule. Vitu vya dukani. Wapo wanakemia wengine ambao wamekuta dalili kwamba mti wenyewe ulitiwa madini fulani kabla ya kuchongwa, na wapo waliosema, mwaka 2003, kwamba baridi kali ya karne ya 17 iliifanya miti ikue kwa msongamano wa pekee. Siwakatazi kazi yao. Nasema tu kwamba kila mmoja hutafuta jambo moja litakaloelezea yote, na magazeti humshangilia, halafu mwaka mwingine hushangiliwa mwingine.

Lipo pia jaribio la Indianapolis, mwaka 2010. Claudia Fritz na fundi Joseph Curtin waliwapa wapigaji 21 fidla sita katika chumba chenye giza, wakiwa wamevaa miwani ya wachomea vyuma iliyofanyiwa marekebisho. Hata harufu ya mti wa kale ilizimwa kwa tone la manukato. Tatu zilikuwa mpya, mbili za Stradivari, moja ya Guarneri del Gesù. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo zaidi ilikuwa mojawapo ya Stradivari. Wakarudia huko Ufaransa mwaka 2012 kwa wapigaji 10 wakubwa na fidla 12. Sita kati ya hao kumi walichagua mpya. Wako waliopinga, wakasema fidla zilikuwa chache na muda mfupi, na pingamizi hizo zina uzito wake. Lakini fikiria kwamba mwaka mmoja kabla ya jaribio hilo la pili, fidla moja ya Stradivari ya mwaka 1721 iliuzwa kwa karibu dola milioni 16. Haiwezekani fedha zote hizo zilinunua sauti. Sehemu kubwa ilinunua kikaratasi.

Isitoshe, fidla hizo za kale karibu zote zilikwisha kufunguliwa. Muziki ulipodai sauti kubwa zaidi, mafundi wa mwisho wa karne ya 18 na wa karne ya 19 walizibadili shingo zikawa ndefu zaidi na zenye mwinamo, wakatia boriti nene zaidi. Nyuzi za utumbo nazo baadaye zikaachia nafasi nyuzi za chuma. Kwa hiyo mtu anaposema anamsikia Stradivari, anamsikia pamoja na mafundi wengi wasiotajwa waliopita mle ndani baada yake, kwa ruhusa ya gundi ile.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sinema ingeweza kulisimulia kama lingewapendeza. Katika karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17 ufundi huu mjini Cremona ulikuwa mali ya ukoo wa Amati: Andrea, kisha wanawe, kisha mjukuu wake Nicolò. Mwaka 1630 tauni iliingia mjini. Baba yake Nicolò alikufa. Nicolò, mwenye umri wa miaka 33, akabaki karibu peke yake akiijua kazi. Kwa vizazi viwili ujuzi ulikuwa umepita kutoka baba kwenda mwana, na yeye angeweza kuendelea kuukumbatia, bei ingepanda. Badala yake, katika miaka iliyofuata alifungua nyumba yake kwa vijana wasio wa ukoo. Orodha za sensa zinamwonyesha Andrea Guarneri akikaa chini ya paa lake tangu mwaka 1641, naye ndiye babu wa del Gesù niliyemtaja. Na katika fidla moja ya mwaka 1666 Stradivari mwenyewe alijiita mwanafunzi wa Amati. Msiba ulimwangukia mtu, naye hakuuchanganya katika vanishi. Alileta wanafunzi. Mimi, niliyetumia maisha yangu katika chuo cha ualimu, sijui hadithi nyingi za kusisimua kuliko hiyo, na inanisikitisha kwamba jina la kwanza la fundi wa sinema ni Nicolò.

Mwisho wake pia unafundisha. Stradivari alifanya kazi hadi uzeeni, zaidi ya miaka 90. Wanawe Francesco na Omobono waliifanya naye, chini yake, maisha yao yote. Alipofariki Francesco alikuwa na miaka 66. Omobono akafa mwaka 1742, Francesco 1743, del Gesù 1744, Carlo Bergonzi 1747. Miaka kumi tu, na mji ukabaki mtupu kiasi hicho. Baadaye watu walisema siri imepotea. Hapakupotea karatasi yoyote yenye maagizo. Kalibu na zana za Stradivari zilikuwapo. Mwanawe mwingine, Paolo, mfanyabiashara, alimuuzia Count Cozio di Salabue kati ya miaka ya 1775 na 1776, na leo ziko katika jumba la makumbusho hapo Cremona. Kilichokuwa haba ni vijana waliosimama karibu na wazee hao kwa muda wa kutosha. Mji ulipotaka kuurudisha ufundi wake ulilazimika kuanzisha shule, mwaka 1938.

Nina sababu ya kuwa mkali namna hii, na mjukuu wangu anastahili kuisikia.

Chuoni kwetu alikuwako fundi wa kazi za mikono. Alikuja kama seremala wa kutengeneza madawati, akaishia kuwafundisha wanachuo, ingawa hakuwa na cheti cha kumwezesha kuitwa mkufunzi. Ubao wa mninga aliupiga randa akauinua dirishani, na mwanga haukupenya popote chini ya rula. Alikuwa akigonga mbao kwa kifundo cha kidole na kuzitenga mafungu mawili, na mwaka mmoja baadaye zile za fungu la pili ndizo zilizopinda. Sisi ofisini tulisema ana mkono wake. Wengine, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha mtupu, walisema ana dawa. Mimi mkuu wa chuo nilisema ana kipaji, na niliamini nimemsifu. Nilikuwa nikiwapeleka wageni karakanani kumtazama, kama watu wanaopelekwa kutazama mnyama adimu, wala sikupata kumuuliza ule mgongo wa kidole unasikia nini.

Alipofikia umri wa kustaafu, mwaka 1996, aliniletea vijana wawili. Aliomba wabaki naye mwaka mmoja kabla hajaondoka, walipwe chochote. Nakumbuka maneno yake: "Mkuu, hawa wameanza kusikia." Hapakuwa na kasma ya kuwalipa, na hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba sikuitafuta. Nilijisemea kuwa kipaji hakirithishwi, kwa hiyo mwaka mmoja ungefaa nini? Mambo ya mitihani yalikuwa yamenijaa kichwani; karakana haikuwa na mtihani wa taifa. Nilimwandalia sherehe nzuri ya kumuaga, tukampa baiskeli na redio. Vijana wale walikwenda zao, mmoja akaingia biashara ya mitumba. Baada ya mihula michache karakana ikawa mahali pa kuhifadhia vitanda vibovu.

Ndiyo maana, binti yangu, sikuweza kutulia pale Bussotti alipovunja fidla ya kijana akaondoka. Mimi sikuvunja kitu. Nilipokabidhi ofisi mwaka 2009 tulizunguka na mrithi wangu kuhesabu mali, na karakanani tulilazimika kuvisogeza vitanda ili tuingie. Meza za useremala 6, jiliwa 4, randa 9, seti mbili za patasi, zote zikiwa zimepakwa mafuta na kufungwa kwenye magunia kama fundi alivyoziacha. Kwenye safu ya maelezo niliandika "hali nzuri", nikatia saini, naye akatia yake.